Apimwe Mbele ya Kamera

Hotuba kwa wanafunzi wa utangazaji na utayarishaji wa vipindi, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanangu mnaomaliza mwaka huu: itifaki imezingatiwa. Najua wa Mbagala na wa Kibaha mtaanza kutazama saa ikishafika kumi na moja, kwa hiyo sitazunguka.

Mada niliyopewa ni vipindi vya televisheni vinavyoanika uongo: uvumi wa mtaani, sayansi ya kughushi, ushirikina unaouzwa kwa bei. Nimevifuatilia kwa miaka mingi, kwanza nikiwa mwalimu wa fizikia niliyetafuta kitu cha kuwaamsha wanafunzi baada ya ugali wa mchana, halafu nikiwa mtayarishaji. Ninachotaka kuwaambia ni hiki: katika kipindi cha namna hiyo, dakika yenye thamani ni ile inayochosha. Ni pale anayedai ana uwezo anapokaa na anayempima, wakakubaliana watafanya nini, na matokeo gani yatahesabika kuwa ameshindwa. Mhariri akiikata dakika hiyo kwa sababu haina mlipuko wala kilio, kinachobaki ni sinema.

Nianze na wanaojulikana. Mliokulia kwenye king'amuzi chenye Discovery mtawakumbuka Adam Savage na Jamie Hyneman, mafundi wa San Francisco waliotokea kwenye kazi ya kutengeneza vitu vya filamu. Kipindi chao, MythBusters, kilianza 2003, na mfululizo ule wa awali ukaisha 2016. Walichukua jambo linalosemwa na watu, wakalijaribu karakanani, mwisho wakatoa hukumu: uongo, inawezekana, kweli. Moja linatuhusu sana, simu kwenye kituo cha mafuta. Kila kituo hapa mjini kina kibao cha simu iliyopigwa mstari mwekundu, na sidhani kama kuna dereva wa bodaboda ambaye hajawahi kufokewa. Wale jamaa walijaza mvuke wa petroli ndani ya boksi lenye simu, wakaipigia. Haikulipuka. Cha kuogopa zaidi ni umeme tuli, ule unaojikusanya mwilini mtu akijisugua na kiti cha gari, kisha akashuka na kugusa pampu. Sisemi mkabishane na wahudumu. Kituo ni chao na masharti ni yao.

Mimi niliwapendea jambo moja: walirudia. Habari ya Archimedes kuchoma meli za Warumi kwa vioo waliipima, watazamaji wakalalamika, wakaipima tena, na 2010 Rais Barack Obama mwenyewe akawataka wairudie. Ilishindikana tena. Na Desemba 2011, huko Dublin, California, tufe la mzinga wao lilikosa shabaha, likatoboa nyumba ya watu na kuishia ndani ya gari la familia nyingine. Bahati nzuri hakuna aliyeumia. Nalitaja hili kwa sababu najua kuna mmoja wenu humu ndani ambaye tayari anawaza kipindi chake cha kwanza kiwe na mlipuko. Acha.

Sasa tazameni walichokikwepa. Walijaribu mambo ya nguvu za piramidi, kisha wakaamua kwamba vitu vya aina hiyo, mizimu na nguvu zisizoonekana, wavipishe. Kwao ulikuwa uamuzi wenye akili, maana mzimu haulipuliwi. Lakini kwetu, ukiyaondoa hayo unabaki na nini? Tokeni nje ya geti hili msome nguzo za umeme: mganga kutoka Sumbawanga, kurudisha mpenzi, kusafisha nyota, pete ya bahati, nguvu za kiume, jiunge na Freemason utajirike. Namba ya simu iko hapo hapo, na malipo ni kwa simu. Hiyo ndiyo karakana yetu.

Kuna shule ya pili, ya wanamazingaombwe. James Randi, aliyezaliwa Toronto 1928 na kufariki 2020, alikijua kiini macho kwa sababu ndicho kilichomlisha. Mwaka 1973 Uri Geller, Mwisraeli aliyesifika kwa kupinda vijiko kwa nguvu za akili, alialikwa kwenye kipindi cha Johnny Carson, Marekani. Carson naye aliwahi kufanya mazingaombwe ujanani, akamwomba Randi ushauri. Randi akamwambia: tafuteni vijiko vyenu wenyewe, na asivisogelee yeye wala mtu wake kabla ya kipindi. Basi, hakukuwa na maabara wala profesa. Kwa zaidi ya dakika 20 mbele ya kamera Geller hakupinda kitu, akasema siku hiyo hajisikii kuwa na nguvu.

Mwaka 1986, kwa Carson huyo huyo, Randi alionesha jinsi mhubiri Peter Popoff alivyokuwa akijua majina na maradhi ya watu asiowahi kuwaona. Randi na wenzake walikuwa wamenasa mawimbi ya redio. Mke wa mhubiri alikuwa akimsomea sikioni habari ambazo waumini wenyewe walizijaza kwenye kadi za maombi kabla ya ibada. Mwaka uliofuata Popoff akatangaza kufilisika.

Ungetegemea hadithi iishe hapo. Geller aliendelea kualikwa, na mwenyewe amesema usiku ule ulimjenga. Popoff baada ya miaka alirudi kwenye televisheni, safari hii na maji ya miujiza. Na msidhani ni ya Wazungu hayo. Novemba 2014, KTN ya Kenya, kupitia Jicho Pevu ya Mohammed Ali, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Nyali, ilirusha habari ya mhubiri wa Nairobi aliyekuwa akiosha miguu ya waumini kwenye beseni. Maji yanageuka mekundu, waumini wanaambiwa ni damu inayotoka na ugonjwa, na wanatakiwa watume shilingi 310 kupanda mbegu. Kipindi kikaonesha kwamba rangi ile ni permanganeti ya potasiamu, chembe za zambarau ambazo watu huzitumia kuoshea vidonda. Kenya nzima ikacheka, 310 ikawa utani wa daladala mpaka huku kwetu. Mhubiri akaendelea kuhubiri.

Mimi nadhani sababu ni kwamba watazamaji walioneshwa mtu aliyefumaniwa, hawakuoneshwa namna ya kumpima anayefuata. Kesho atakuja mwingine na beseni lenye rangi nyingine, na elimu ya permanganeti haitakusaidia. Tena muumini aliyechekwa mbele ya nchi nzima hatoki kwenda kutafuta ukweli. Atatafuta waliochekwa wenzake, wakae pamoja.

Sasa nije kwenye dakika ya kuchosha. Mwaka 1980 Randi alikwenda Australia, na akishirikiana na mfanyabiashara Dick Smith akawapima watu wanaotafuta maji kwa fimbo na nyaya. Mnawajua, hata hapa wapo. Ukitaka kuchimba kisima Goba au Kibamba, kuna mzee atakuja na nyaya mbili zilizokunjwa, atatembea kiwanjani, nyaya zitapishana, atasema hapa. Kule walifukia mabomba, wakapitisha maji kwenye bomba moja lililochaguliwa kwa bahati nasibu. Lakini kabla ya yote watafuta maji hao waliulizwa: mnaridhika na uwanja huu? Hali ya leo inawafaa? Mtapatia kwa kiasi gani? Wakaridhika, wakasema watapatia karibu mara zote. Matokeo yakakaribia yale ambayo mtu angeyapata kwa kubahatisha tu. Walitoa visingizio baadaye, ndiyo, binadamu ni binadamu. Lakini mtazamaji alikuwa ameshawasikia, kwa midomo yao, wakisema kila kitu kiko sawa.

Mfananishe na India. Machi 2008, kwenye kituo cha India TV, mganga mmoja alidai anaweza kumuua mtu kwa maneno tu, ndani ya dakika tatu. Sanal Edamaruku, kiongozi wa wanaotetea fikra za kisayansi, akasema niue mimi. Wakaenda moja kwa moja hewani, vipindi vingine vikaahirishwa, na saa zikapita. Mganga ananong'ona, anamnyunyizia maji, anampungia kisu, jamaa anacheka tu. Mwishowe mganga akasema: huyu lazima ana mungu mkubwa anayemlinda. Edamaruku akajibu kwamba yeye haamini mungu yeyote. Burudani tupu, na ninaipenda. Lakini mmeona tundu lilipo? Hakuna aliyemuuliza mganga mapema: je, kuna mtu ambaye uchawi wako haumpati? Angeulizwa hilo saa moja kabla, mlango wa kutokea ungekuwa umefungwa. Muulizeni mtu yeyote wa Tanga mjini atawaambia kinga ipo, na kwa kinga hiyo mganga wa India alitoka salama.

Halafu nyaya zile zile za kutafutia maji zimewahi kuua. Mwingereza aitwaye James McCormick aliuza kifaa alichokiita ADE 651, mpini wenye antena, eti kinanusa mabomu. Iraki ilitumia makumi ya mamilioni ya dola kukinunua, kimoja hadi dola 40,000, na askari wa Baghdad wakasimama navyo vizuizini huku magari yenye mabomu yakipita. Januari 2010 kipindi cha Newsnight cha BBC kilichukua kadi iliyosemwa kuwa ndiyo ubongo wa kifaa, kikaipeleka Chuo Kikuu cha Cambridge ikafunguliwa. Ndani kulikuwa na kile kibandiko cha kuzuia wizi kwenye maduka ya nguo. Hakuna kingine. Uingereza ikazuia kifaa hicho kisipelekwe Iraki na Afghanistan, na 2013 McCormick akafungwa miaka 10. Chanzo cha mashine hiyo kilikuwa kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu kilichouzwa kwa kama dola 20. Na kwa nini askari waliona antena inageuka? Kwa sababu ile ile nyaya za mzee wa visima zinapishana: mkono una mijongeo midogo ambayo mwenye mkono haijui, na mpini uliotengenezwa usitulie unaikuza. Askari hawakuwa wanadanganya. Mzee wa Goba naye hadanganyi.

Hilo naomba mliweke akilini kabla sijafika Kariakoo.

Mmeziona zile meza zenye kompyuta na kijiti cha chuma, kibao kimeandikwa pima mwili mzima. Nilikwenda na kijana niliyekuwa nafanya naye kazi, mzima wa afya, mcheza mpira. Dada aliyevaa koti jeupe akamuuliza jina, umri, uzito na urefu, akaandika. Kijana akashika kijiti. Kwenye skrini moyo uliochorwa ukawa unadunda, mistari inapita, mlio kidogo, karatasi ikatoka: ini limechoka, figo ya kushoto ina shida, asidi nyingi mwilini. Makopo matatu ya vidonge yakapangwa mezani. Tukashukuru, tukaenda kunywa chai. Kisha kijana yule yule akaingia kwenye tawi lao jingine mtaa wa pili, akajiandikisha kwa jina lingine na umri wa miaka 61. Huyu mpimaji wa pili nahisi hakuwa hata anamtazama usoni. Karatasi ikaja na tezi dume, mifupa na mishipa ya moyo. Figo ya kushoto ilikuwa imepona wakati tukinywa chai.

Mashine ile inapima fomu. Ukiijaza kizee inakupa maradhi ya kizee. Njia ya kuijua haihitaji shahada: mtu mmoja, fomu mbili. Au mpe kijiti kitambaa kilicholowa maji, uone kama hakitakutwa na ini.

Tulikuwa na kamera ya kificho siku ile, na mkanda sikuurusha. Watu wameniuliza kwa nini. Ni kwa sababu hakuna aliyekubaliana nasi chochote, na yule dada wa kwanza, tulipokuwa tunaondoka, alinionesha makopo yake mwenyewe kwenye mkoba. Anayanywa. Mwenye mali yuko kwingine kabisa, na huyo ndiye wa kuwekwa kitini. Mkitaka kufanya kipindi hiki, na mtakifanya vizuri kuliko mimi, mfuateni anayeingiza mashine. Mwambieni: tutaleta watu, wewe usijue nani ni nani, wengine watapita mara mbili. Akikataa, kukataa kwake kurusheni kama kulivyo, bila muziki wa kutisha.

Nije kwenye chuma ulete, maana naona mnasubiri. Kwa asiyekuwa wa mjini hapa: inaaminika kuna watu wakinunua kwako, hela yao inaondoka na hela zako. Mama mwenye duka anauza kutwa, jioni droo haieleweki. Tafadhali, msiende na mtaalamu wa kumcheka. Mama huyo ana jambo moja la uhakika kabisa, hela hazionekani. Kaeni naye wiki mbili na daftari. Kila shilingi inayotoka kwenye droo iandikwe: hela ya mboga, nauli ya mtoto, mchezo wa Jumatano, soda aliyopewa shemeji, sukari ya mkopo kwa jirani. Na kabla hamjaanza, kubalianeni naye mbele ya kamera: daftari na droo vikilingana, tutasema nini? Visipolingana, je? Maana vinaweza visilingane. Labda kuna mkono wa kijana wa dukani. Kipindi kinachojua jibu kabla ya kupima ni mahubiri, na mahubiri tunayo ya kutosha, vituo vizima.

Lipo eneo ambalo sitaki mcheze nalo. Usukumani vikongwe wameuawa kwa kuwa na macho mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa kuni na samadi katika jiko lisilo na dirisha, maisha yao yote. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo ili mtu apate utajiri wa mgodi au wa uvuvi. Vicky Ntetema, akiwa BBC hapa hapa Dar, mwaka 2008 alijifanya mfanyabiashara anayetaka utajiri akawaendea waganga; akapata ushahidi, akapata na vitisho vilivyomlazimisha kujificha. Mwaka 2010 alipewa tuzo ya kimataifa ya ujasiri katika uandishi wa habari. Ile ilikuwa uchunguzi wa jinai, na kificho chake kilikuwa na sababu. Jueni tofauti. Na jueni sheria: Sheria ya Uchawi, iliyotungwa tangu 1928, inafanya kosa kumtaja mtu kuwa mchawi. Kwa hiyo msimlete mpiga ramli akafanya ramli chonganishi mbele ya kamera yenu eti mtakanusha baada ya matangazo ya biashara. Jina likishatoka hewani, hakuna kipindi cha wiki ijayo kitakacholirudisha, na anayetajwa ana jirani zake.

Mwaka 2011 tulikuwa na Loliondo. Mzee Ambilikile Mwasapile, Mungu amrehemu, pale Samunge, kikombe cha dawa iliyosemwa kutibu maradhi sugu, kwa shilingi 500. Nikifumba macho naona foleni ya magari, na nyinyi mliokuwa wadogo mmeiona kwenye kumbukumbu za video. Kamera zote zilikuwa kwenye foleni. Kazi ya kipindi cha kupima ingekuwa nyingine, ya polepole na isiyo na picha nzuri: kuchukua wagonjwa wa kisukari waliokubali, kuandika vipimo vyao kabla ya safari, na kugonga milango yao miezi mitatu baadaye, Mwanza, Moshi, Temeke. Bajeti yake ni nauli tu. Mhariri wa habari angeniambia nani atatazama mtu akichomwa kidole. Nami ningemjibu kwamba nchi hii ina watu wengi sana wenye kisukari wanaopenda kujua.

Sasa fedha. Mwalimu wenu ameniambia mna kamera za chuo mpaka mwisho wa muhula, na kuna kituo kimoja kimeahidi kutazama kipindi cha majaribio. Nashauri muanze na maji, si uganga. Hakuna atakayeitwa mchawi, na kila mtu Dar ana shida ya maji. Swali gumu mnalo tayari: sehemu nyingi za mji huu ukichimba vya kutosha utapata maji, yawe matamu au ya chumvi, kwa hiyo mzee wa nyaya anapatia hata akifumba macho. Ndiyo maana msimpime kwa kisima, mpimeni kwa mabomba.

Nimeongea na fundi mmoja wa Goba, amekubali kupimwa. Anataka alipiwe nauli, pawe asubuhi kabla jua halijawa kali, na mabomba yasiwe ya chuma kwa sababu chuma kinamvuruga. Nimemwambia yatakuwa ya plastiki. Amesema pia atahitaji kulikagua eneo siku moja kabla, maji yakipita na yeye akijua bomba ni lipi, ili tusije tukagombana baadaye. Hilo nalo nimelikubali, na nataka lirekodiwe lote.